Mama Dini wa Kitivo cha Sheria

Hakuwa mtu wa dini. Ninalisema mapema kwa sababu jina tulilompa limewapoteza wengi. Wanafunzi wake walimwita Dean, maana alikuwa mkuu wa kitivo cha sheria, na sisi Wakongomani tuliokimbilia mtaa wa Albert Park, huku kusini kabisa mwa Afrika, ambao kwetu mtu wa cheo hicho tunamwita doyen, tulisikia neno lile la Kiingereza midomoni mwa vijana tukadhani wanasema "dini". Basi ikawa Mama Dini. Mzee mmoja wa Kalemie alikuja Alhamisi moja, akavua kofia, akapiga magoti mbele ya meza yake, akaomba aombewe mgongo. Mama Dini hakucheka. Alimwinua, akamkalisha kitini, akamwambia kwamba yeye ni mwalimu wa sheria tu na migongo haiwezi, ila kama ana karatasi yoyote inayomsumbua, aitoe. Mzee alikuwa nayo. Kila mtu aliyepita mbele ya meza ile alikuwa nayo.

Jina lake halisi ninalijua, sitaliandika. Profesa hakupenda kuitwa. Alisema hilo ni jina la kwenye mlango. Alikuwa Mkenya, mwembamba, mwenye sauti ndogo iliyokuwa ikifika mbali, na kwa miaka kumi na mitatu nilikaa upande wake wa kushoto kama mkalimani.

Nilikifikia kiti kile kwa sababu ya neno moja. Wakati ule kliniki yake ya sheria, mahali pa kupata ushauri bila malipo, ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa kule Albert Park, kila Alhamisi. Nilikwenda kwa shida zangu, nikawa wa pili kwenye foleni. Mwanamke aliyenitangulia alikuwa akieleza kwamba yaya wake alibaki Uvira, anamtafuta, anataka chuo kimsaidie kumleta. Mama Dini akawa anaandika, kisha akamwuliza kwa upole kwa nini anamtafuta mfanyakazi wa nyumbani na hatafuti ndugu. Mwanamke akaanza kulia. Nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia, "Mama, kwenu yaya ni yule wa kulea watoto. Kwetu yaya ni dada mkubwa."

Aliweka kalamu chini. Fomu aliyokuwa ameijaza karibu yote aliichana, akachukua nyingine. Halafu akaniuliza nimezaliwa wapi. Nikamwambia nimezaliwa Uvira, nikakulia Kigoma, nikasoma huko.

"Basi keti hapa kando yangu," alisema.

Zamu ya shida zangu ilifika jioni, watu wote walipokwisha.

Alikuwa na tabia zilizowachosha waliompenda. Hakuvuka barabara robot, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, hata Jumapili asubuhi barabara ya Umbilo ikiwa tupu kabisa, hata mvua ikinyesha. Nilisimama naye mara nyingi tumelowa, tukisubiri taa ya kijani na hakuna gari hata moja. Nilipomwambia kwamba hakuna anayetuona, alisema ndiyo maana. Lakini mtu huyohuyo, aliyewafundisha watu wazima kukata rufaa na kuwakemea wasioikata, hakuweza kulalamika kwa ajili yake mwenyewe. Tuliagiza kuku siku moja kwenye mkahawa mdogo, wakamletea samaki, na samaki alikuwa akimdhuru. Alikula viazi, akashukuru, akalipa. Nilikasirika kwa niaba yake. Akaniambia niache, yule kijana wa mezani huenda ana siku mbaya.

Hakusaini kitu bila kukisoma chote, hata risiti ya posta. Lifti za maghorofa ya Albert Park zilikuwa zikifa kila wiki, naye alipanda ghorofa kumi na moja kwa miguu kumfuata mteja mgonjwa, faili zikiwa kwenye mfuko wa plastiki wa supamaketi, akifika juu anapumzika ngazini kwanza ili mgonjwa asimwone anahema. Wateja aliwaambia maneno mafupi ambayo nilizoea kuyatafsiri hata kabla hajamaliza. Andika kwanza, ulie baadaye. Au: mwenye haki na mwenye bahati si mtu mmoja. Hili la pili hawakulipenda. Walikuwa wamekuja kutafuta haki wakitumaini pia bahati, na yeye aliwanyang'anya nusu.

Chuo chake alikikuta kidogo. Kitivo cha sheria kilikuwa vyumba vinne juu ya duka la fanicha, na walimu walikuwa wakipeana kiti kimoja kizuri kwa zamu. Wanafunzi walipozidi, chuo kikakodi ghala kule Clairwood, katikati ya malori na makontena, wakapanga viti humo, wakaita ukumbi wa mihadhara. Nilimsikiliza akifundisha mle mara moja. Kila lori liliporudi nyuma na kupiga ile kengele yake, alinyamaza katikati ya sentensi, akasubiri, kisha akaendelea palepale kwenye neno lililofuata, kama mtu aliyeweka kidole kwenye kitabu. Wanafunzi wake walijifunza kusubiri vile. Mmoja wao, ambaye sasa ni wakili, aliniambia kwamba mpaka leo hakimu akimkatiza anasikia kengele ya lori.

Yeye ndiye aliyekitoa kitivo kwenye ghala. Aliandika maombi, alikwenda kwa wakubwa, alirudishwa, akaenda tena. Miaka ikapita, majengo yakasimama, yakaja maabara, maktaba, geti kubwa lenye mitambo. Kutoka mkuu wa kitivo akawa makamu wa mkuu wa chuo. Ofisi ikahamia ghorofa ya juu. Sisi tukaendelea kumwita Mama Dini.

Kliniki nayo ikapandishwa cheo. Ikatolewa kanisani, ikapewa chumba chake ndani ya chuo, chenye meza mpya na kiyoyozi. Tulifurahi wiki moja. Kisha tukaona kwamba kuingia getini lazima uwe na kitambulisho cha kupitisha kwenye mtambo, na watu wetu walikuwa wanakuja kliniki kwa sababu hawana kitambulisho. Chuo kikasema basi mlinzi aandike majina yao kwenye daftari. Ni nani asiye na karatasi atakayeacha jina lake kwa mlinzi? Alhamisi ya kwanza walikuja watu wanne. Ya pili alikuja mmoja, naye alikuwa amepotea njia.

Aliniita nikaeleze jambo hili mbele ya kikao chake cha uongozi. Ndipo nilipomwona akiongoza. Aliwaanza wadogo kwa vyeo, ili wasije wakarudia maneno ya wakubwa, na kila aliyesema alimwandika. Nilieleza kwa Kiingereza changu kilichovunjika kuhusu daftari na woga. Walinisikiliza vizuri. Kisha wakanyoosha mikono, na mikono ya usalama wa chuo ikawa mingi kuliko ya kliniki. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti na yeye ndiye aliyehesabu. Tulipotoka aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba amekijengea chuo geti ambalo sasa hawezi kulifungua. Wiki iliyofuata tulirudi kanisani na viti vyetu vya plastiki, bila baraka za mtu.

Hapa sina budi kumtaja binti yangu Neema, maana bila yeye ningekuwa ninamsifu tu.

Chuo kilipokua, ofisi ya usajili ilianza kunuka. Watu wenye jamaa ndani waliingizwa bila karatasi kamili, na wasio na jamaa wakaambiwa walipe pembeni. Walioumia zaidi ni watoto wa wakimbizi. Mama Dini alipewa kamati ya kusafisha, akaandika kanuni kwa mkono wake. Mwanafunzi wa kigeni asiye na kibali cha kuishi kilicho hai siku ya usajili hasajiliwi, na hakuna kiongozi anayeruhusiwa kutoa msamaha. Nilimsaidia kuieleza kwa wazazi wa Kikongomani ukumbini. Walipiga makofi, mimi nikiwa mmoja wao. Mtoto wa tajiri na mtoto wa kinyozi wangesimama mstari mmoja.

Miaka miwili baadaye Neema alipata nafasi ya kusoma sheria pale, pamoja na ufadhili wa mwaka ule. Alikuwa ameilenga tangu darasa la tano, aliponisikia nyumbani nikifanya mazoezi ya maneno ya rufaa. Lakini baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na sisi wote watatu tulikuwa ndani ya faili moja la ukimbizi lenye jina lake. Mwenye faili akifa, lazima faili ligawanywe kabla vibali havijapyaishwa. Tuliomba ligawanywe. Tulituma, tukatuma tena. Kibali cha Neema kikaisha Novemba. Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa moja ya Februari, saa kumi jioni.

Mama Dini alifanya yote ambayo mtu anaweza kufanya. Aliandika barua. Alipiga simu ambazo zililia mpaka zikakatika. Jumatano ya wiki ile alikuja mwenyewe kwenye ofisi ya vibali, alfajiri, akasimama nasi kwenye foleni, makamu wa mkuu wa chuo, na viatu vyake vya kazini. Hakutaka kupita mbele. Tulisogea kidogo kidogo mpaka saa nne, kisha mlinzi akatoka akasema mfumo wa kompyuta umezima, turudi wiki ijayo.

Alitoa kwenye mkoba kitabu cha sheria, kile alichokifundisha miaka yote, kimewekwa alama, akamsomea mlinzi kifungu kinachosema mwombaji asikataliwe. Alimsomea polepole, kama anavyosomea darasa. Mlinzi alikuwa kijana wa Kizulu, mwenye adabu. Alisikiliza hadi mwisho, hata mikono aliiweka nyuma. Kisha akamwambia, akimwita bibi kwa lugha ya kwao, "Gogo, mimi nafungua geti tu."

Alikifunga kitabu. Nyuma yetu mwanaume mmoja akamwambia mwenzake, "Kama ye anashindwa, sisi je?" Nilijua kwamba Mama Dini amesikia, kwa kuwa alikirudisha kitabu mkobani bila kugeuka.

Ijumaa mchana tulikuwa ofisini kwake, mimi na Neema, tumeketi kwenye kochi ambalo wageni wa heshima hukalia. Yeye mwenyewe ndiye aliyetueleza, hakutuficha. Msajili alikuwa amempigia, amemwambia kwa siri kwamba makamu wa mkuu wa chuo akiweka saini kwenye fomu, kompyuta itapokea, na hakuna atakayeuliza.

"Nikisaini, utaingia," alimwambia Neema. "Jumatatu watakuja kumi wenye haki kama yako. Baada ya hao atakuja mmoja asiye na haki, ila ana mjomba mkubwa, naye ataniuliza mbona yule ulimsainia."

Neema alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimtazama, akamwuliza, "Mimi ni yupi kati ya hao, Mama?"

"Wewe ni wa kwanza," alisema. "Wewe una haki."

Fomu ilikuwa mezani. Kalamu ilikuwa mezani. Mimi, mama mzazi, niliyepiga makofi ukumbini, nilifungua mdomo nimsihi, na sikujua nimsihi kwa lugha gani. Kama ningepiga magoti kama yule mzee wa Kalemie, huenda ingekuwa afadhali. Sikupiga. Tulikaa. Saa kumi ikafika, ikapita, na chini tukasikia vijana wakishangilia kwamba wamewahi. Mama Dini aliiweka mikono yake chini ya meza. Hakulia, wala hakuomba radhi. Neema alisimama, akamshukuru kwa Kiingereza, kama wanavyofundishwa shuleni, akatoka.

Kibali kilitoka wiki tano baadaye. Mwaka uliofuata nafasi ilikuwapo, ufadhili haukuwapo. Mwaka wa tatu Neema hakuomba tena. Alijifunza kusuka nywele kwa rafiki yake, akaajiriwa saluni ya barabara ya Umbilo, na mikono yake ni mizuri, watu wanamfuata kutoka mbali.

Sikwenda kliniki kwa miezi saba. Hakunipigia simu, na nilimchukia kwa hilo pia. Nilirudi kwa sababu mama mmoja kanisani alinieleza jinsi mkalimani mpya, kijana wa Nairobi, alivyoandika vitu ambavyo hakuvisema. Alhamisi iliyofuata nikaenda. Mama Dini aliniona mlangoni, akavuta kiti cha kushoto, tukaanza kazi. Tulipomaliza nilimwuliza kama anajuta. Alisema kanuni ile angeiandika tena vilevile, neno kwa neno. Kisha akasema kwamba kila mwaka, wiki ya usajili, chakula hakimpiti kooni. Sikujua nifanye nini na majibu hayo mawili. Sijui hata sasa. Kuna siku ninamwona kuwa mtu mnyofu kuliko wote niliowahi kukaa nao, na kuna siku ninamwona mtu aliyeokoa usafi wa mkono wake kwa gharama ya mtoto wangu. Nimejaribu kuchagua nimeshindwa.

Alipostaafu walimwandalia sherehe, wakaupa ukumbi mpya jina lake. Kliniki ilikufa mwaka huohuo, kimya, kanisa lilipouza jengo. Nilimwona mara chache baada ya hapo, akitembea na mkongojo pale Umbilo, polepole, ngazi za benki zikimchukua muda.

Mwezi uliopita, Jumatano asubuhi, aliingia saluni. Nilikuwapo, kwa sababu siku hizi ninamshikia Neema mtoto anapofanya kazi. Neema ameolewa na kijana anayeendesha forklift ya kuinua mizigo kule Clairwood, na mtoto wao wa kiume ana wiki kumi. Mama Dini alisalimia, akasema anarudi Kenya Jumamosi, kuhamia huko kabisa, na angependa kusukwa mistari ya kurudi nyuma, ile ya twende kilioni, ili asisumbuke na nywele safarini. Alimwambia Neema kwamba kama ana mteja mwingine, atakwenda pengine. Neema akamwambia aketi.

Nywele za Mama Dini zimekuwa nyeupe na chache, Neema alizigawa kwa upande wa mkia wa kitana, kwa uangalifu, kama anagawa nywele za mgonjwa. Kisha, bila kusimamisha vidole, akamweleza. Mtoto hajaandikishwa. Hospitali ilikataa kumpa karatasi ya kuzaliwa kwa sababu kibali chake yeye Neema kimekwisha tena, ombi liko kwenye kompyuta tangu mwezi wa tano, na bila karatasi ile mtoto hana jina popote.

Mama Dini akaanza kujibu palepale. Alitaja sheria, akataja kifungu, akaeleza kwamba mtoto aliyezaliwa hapa lazima aandikishwe, mama awe na kibali au asiwe nacho, na kwamba hospitali haina mamlaka ya kukataa. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama zamani ghalani. Neema alimwacha amalize.

"Sheria naijua, Mama," alisema. "Nilikuwa nauliza kama iko mtu wa kumwona."

Niliona uso wa Mama Dini kwenye kioo. Alikuwa akitafuta kweli. Alikuwa akipita mlango kwa mlango akilini, wale aliowafundisha, wale aliowaongoza, na maisha yake yote alikuwa amejizuia kuwa na mtu wa kumwona.

"Sina," alisema. "Sina mtu, binti yangu."

Neema akasema ni sawa, akaendelea kusuka.

Baada ya muda Mama Dini aliniomba mtoto. Nikamweka mapajani mwake, kwenye kile kitambaa cha saluni. Alimtazama sana. Akauliza jina na siku aliyozaliwa, tukamwambia anaitwa Daudi, jina la babu yake. Akaomba karatasi. Saluni haikuwa na karatasi, ila kulikuwa na kitabu cha miadi, Neema akachana ukurasa. Mama Dini akaandika juu ya goti lake, mtoto akiwa mkono mmoja, herufi zikipindapinda. Aliandika kwamba yeye, na akaweka jina lake kamili na vyeo vyake vyote, ambavyo sikuwahi kumwona akiviandika, amemwona kwa macho yake mtoto aitwaye Daudi, mwana wa Neema, akiwa hai na mzima, na kwamba alizaliwa mji huu, siku ya Jumanne. Akasaini. Akanipa nisaini kama shahidi.

Neema alifuta mafuta mikononi, akaisoma mara mbili.

"Hii itasaidia?"

"Haitasaidia," alisema Mama Dini.

Neema akaisoma tena. "Umeandika Jumanne. Alizaliwa Jumatano."

Mama Dini akaichukua, akakata neno lile kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika Jumatano juu yake, na pembeni akaweka herufi za mwanzo za jina lake, ndogondogo, kama mawakili wanavyofanya wanaporekebisha hati. Akatukabidhi kalamu ili nasi tuweke zetu. Niliweka zangu. Neema akaweka zake. Mtoto alianza kulia, nikamchukua, na Neema akarudi kusuka upande uliobaki.